Mpangilio wa maandishi unasikika

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita niliingia steshenari moja pale Makoroboi, hapa Mwanza, nikiwa na flashi yangu mkononi, nikaomba nitolewe kurasa arobaini za kitabu tulichokuwa tumemaliza kukikagua. Kijana wa kaunta akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sasa mzee wangu, hicho kitabu mmekikaguaje na wewe huoni?" Kwenye foleni mmoja akaguna, mwingine akacheka. Sikukasirika. Swali hilo nimeshaulizwa kanisani, kwenye daladala, hata na ndugu zangu wa tumbo moja, ila nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja. Naomba nafasi nilijibu kwa wote.

Tuko sita. Wanne hatuoni kabisa, mmoja anaona kwa shida, na yupo mama mmoja mwenye macho mazima ambaye tunamtania kwamba ndiye mlemavu wetu. Kila Jumamosi tunakutana Pasiansi katika chumba cha kuazima, tunasafisha vitabu na mitihani ya zamani iliyopigwa skani ili wanafunzi wasioona waisome kwa kompyuta, au ichapwe kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole. Hatulipwi. Chai na maandazi tunachangishana.

Chombo chetu ni kisoma skrini, yaani programu inayotamka kila kilicho kwenye skrini. Wengi wetu tunatumia NVDA, ambayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuibeba kwenye flashi ukaiwasha kwenye kompyuta ya mtu bila kumwachia chochote ndani. Ipo pia JAWS, nzuri sana, ila inauzwa, na bei yake hailingani na pensheni yangu.

Watu hudhani programu hizi husoma maneno tu, na hapo ndipo wanapokosea. Nikiweka kishale juu ya neno nikabonyeza Insert pamoja na F, naambiwa jina la fonti, ukubwa wake, kama herufi ni nene au za mlazo, kama mstari umekaa katikati au umeegemea kushoto. Nikitaka, naweza kuifanya ipige mlio kila aya inaposogezwa ndani, na ibadilishe sauti inapokutana na herufi kubwa ninapopita herufi moja moja. Nikibonyeza H narukia kichwa cha habari kinachofuata, na nikibonyeza T narukia jedwali.

Hilo la H naomba nikae nalo kidogo. Mwandishi akichukua mstari, akaunenepesha na kuukuza, kwa macho yenu hicho ni kichwa cha sura. Kwangu ni mstari kama mingine, na H inaupita kimya. Kichwa huwa kichwa pale tu mtu alipokwenda kwenye mitindo (Styles) ya Word, programu ya kuandikia, akachagua kwamba hiki ni kichwa, cha ngazi ya kwanza au ya pili. Fikiria mtu asiyeona amepanda daladala ya kwenda Igoma na konda hasemi kitu. Gari linasimama, watu wanashuka, wanapanda, yeye hajui kama ni Mabatini au Buzuruga. Kitabu cha kurasa mia mbili kisicho na vichwa halisi kina konda wa namna hiyo. Ndiyo maana ukaguzi wetu huanza na H kabla hatujagusa nukta wala mkato.

Halafu kuna mambo ambayo jicho huyasamehe na sikio halisamehi. Tuchukue mtindo wa matangazo yetu wa kuandika T A N G A Z O kwa kuachanisha herufi ili zipendeze. Mimi nasomewa herufi moja moja kama mtoto wa chekechea. Wengine hutengeneza jedwali kwa kugonga kitufe cha nafasi mpaka safu zilingane kwa macho. Nilishaletewa ratiba ya boti namna hiyo. Safu ya kuondoka na safu ya kufika zilisomwa kwa mfululizo mmoja, na kwa jinsi nilivyosikia, abiria wa Ukerewe alikuwa anafika Nansio kabla hajaondoka Mwanza.

Kwenye vitabu vilivyopigwa skani ndipo utamu wenyewe ulipo. Mashine huona r na n zilizokaribiana ikadhani ni m. Matokeo yake, "karne ya 19" inakuwa "kame ya 19". Kompyuta haiwezi kupiga mstari mwekundu chini yake, kwa sababu kame ni neno halali, na msomaji mwenye macho anapita moja kwa moja, ubongo wake umeshamwekea karne. Mimi sina ubongo wa kunihurumia hapo, nasikia kame na kazi inasimama. Vivyo hivyo jina la kitabu na namba ya ukurasa vilivyochapwa juu ya kila ukurasa huingia katikati ya sentensi: "Wavuvi wa dagaa huwasha taa za Jiografia arobaini na saba karabai usiku." Anayeona huvirusha vitu hivyo bila hata kujua kwamba amevirusha.

Kubwa kuliko yote kwetu huku Usukumani ni ile alama ndogo ya ng'. Skani ikiipoteza, ng'ombe anakuwa ngombe, na sauti inamtamka kwa g nzito. Ikiigeuza mkato, ng'ombe anakatika vipande viwili na kuna kituo cha kupumua katikati yake. Sasa hesabu majina ya watoto wa Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Mtoto asiyeona akisoma orodha ya matokeo yenye jina lake limekatwa hivyo, anaweza kulipita bila kulitambua. Kwa siku moja tumewahi kurudisha alama hiyo hadi vidole vikauma.

Kosa jingine halionekani hata ukikodolea macho karatasi siku nzima. Kila faili hubeba alama ya siri inayosema limeandikwa kwa lugha gani, na kompyuta nyingi hapa zinakuja zikiwa zimewekwa Kiingereza. Basi sauti inakichukua Kiswahili na kukisoma kizungu. "Mke wake" anakuwa "mke weki". "Pole sana" inageuka kuwa kitu cha kusimikwa ardhini. Dawa yake ni kubofya mara mbili tatu na kuchagua Kiswahili, basi.

Turudi Makoroboi. Nilimwambia yule kijana, "Mwanangu, weka hedifoni masikioni." Nikamwomba achomeke flashi yangu, tukaiwasha programu, tukafungua faili lililokuwa mbele yake. Ilikuwa orodha ya michango ya harusi, nayo ilikuwa imemtesa tangu asubuhi, maana jumla aliyoipata mhazini kwa mkono ilizidi ya kompyuta kwa shilingi elfu hamsini. Tukateremka mstari kwa mstari. Elfu ishirini, sawa. Laki moja, sawa. Kufika mtu wa kumi na kitu, sauti ikasema "hamsini, ooo", kama mtu aliyeona maajabu. Aliyechapa alikuwa ameweka herufi O tatu badala ya sifuri. Kwa macho huwezi kutofautisha, na kompyuta, ikishaona herufi, haihesabu hapo kuna pesa. Kijana akasahihisha, jumla ikakubali. Foleni ikanyamaza. Kurasa zangu arobaini akanitolea kwa bei ya thelathini.

Sisemi kwamba sikio linatosha. Jedwali likitoka nje ya ukingo wa karatasi sitajua. Picha ikikalia maandishi sitajua. Rangi ya njano juu ya karatasi nyeupe, ambayo nasikia hamuioni vizuri hata nyinyi, naweza kutajiwa jina lake ila siwezi kusema kama inasomeka. Kazi hizo ni za yule mama. Yeye naye hawezi kugundua nafasi mbili kati ya maneno, wala herufi O ndani ya hesabu.

Wala si sisi tuliobuni jambo hili. Marekani kuna maktaba ya Bookshare, iliyoanza mwaka 2002, ambayo vitabu vyake vingi vilipigwa skani na kusahihishwa na watu wa kujitolea, wakiwemo wasioona wengi. Upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, uliowekwa ili vitabu vigeuzwe kwa ajili yetu bila kukwama kwenye hakimiliki, na nchi yetu imejiunga nao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Ila mkataba na sheria haviwezi kuiondoa "kame ya 19" kwenye kitabu cha mtoto wa shule ya Mitindo kule Misungwi. Anayeiondoa ni mtu aliyekaa na hedifoni.

Ombi langu ni kwa wote wanaotoa maandishi ya watu kusoma: shule, ofisi, vikundi, makanisa na misikiti. Tuleteeni faili kabla halijachapwa, na liwe faili lenyewe. Barua yenye muhuri iliyopigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwangu inatamkwa "picha" na habari inaishia hapo. Mara nyingi tunaitwa tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, tunavishwa fulana, tunapigwa picha, tunakabidhiwa kijitabu chenye kurasa zote za picha. Kijitabu hicho hicho kingeletwa Septemba tungekisafisha kwa Jumamosi mbili.

Na wewe, Ndugu Mhariri, nakusoma kwa simu kila asubuhi. Vichwa vya habari vya gazeti lako la mtandaoni ni vichwa kweli, hongera. Matangazo ya vifo ni picha. Nimechelewa misiba miwili kwa sababu hiyo.

Barua hii nimeichapa mwenyewe na kuikagua mara mbili. Lugha yake imewekwa Kiswahili, kichwa chake ni kichwa, na sifuri zote ni sifuri. Ikitoka na nafasi mbili mahali popote, nitajua zimeingilia ofisini kwenu.

Jina langu unalo,
Pasiansi, Mwanza.