Shukrani kwa Kijana Aliyetutambulia Utando wa Tangini

Naandika haya kumshukuru hadharani kijana ambaye sikupata jina lake, niliyekutana naye katika duka la samaki wa mapambo huko Ngara. Tangi letu la nyumbani lilikuwa limejaa vipande vyeupe, laini kama pamba, vilivyotanda juu ya gogo jipya na kudondoka kwenye changarawe, na wanangu waliamini kuwa samaki wao wanaugua.

Kijana huyo, ambaye alikuwa mteja tu kama mimi, aliomba chupa niliyobebea vipande hivyo, akaiinua kwenye mwanga, akaokota kimoja kwa kijiti na kukinusa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: gogo liliwekwa lini? Akanieleza kwamba huo ni utando wa bakteria na kuvu wanaokula sukari inayotoka kwenye mti mpya, kwamba kwa kawaida hauwadhuru samaki, na kwamba hutoweka wenyewe sukari hiyo ikiisha. Alinionyesha jinsi ya kuunyonya kwa mpira na kulisugua gogo kwa brashi bila sabuni. Lililonifaa zaidi, alinisihi nisimwage maji yote wala nisioshe chujio kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini huua bakteria wanaovunja amonia, ile sumu itokanayo na kinyesi cha samaki.

Alikataa hata soda. Samaki wote wako hai. Nawaomba wafugaji wenzangu wenye ujuzi kama huu, wamwonapo mgeni akihangaika dukani, wamsogelee na kumuuliza kwa utulivu ule ule.