La Paz maskini ndio wanaokaa juu, na usafiri umewafuata hukohuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mzaliwa wa Mwanza, kwa sasa naishi La Paz, Bolivia, nimekuja huku kimasomo, na kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile, eti huko baridi? Baridi ipo, hasa usiku wa Juni na Julai, lakini baridi unavaa sweta mbili yanaisha. Kinachotesa huku ni hewa.

Uwanja wa ndege uko El Alto, mita kama 4,060 kutoka usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa, hapo ni juu kuliko kambi ya Horombo, ila mpanda mlima anafika Horombo kwa miguu na kalala njiani, we unashushwa na ndege na mabegi yako siku hiyohiyo. Basi siku za mwanzo kichwa kinagonga, usingizi wa kukatikakatika, chakula hakishuki, ngazi za ghorofa moja unasimama katikati kutafuta pumzi. Wenyewe wanaita soroche. Wanakupa chai ya majani ya koka, mmea ule unaotengenezewa kokeini, ambayo huku ni halali kabisa mpaka Katiba yao ya 2009 inayalinda hayo majani, halafu wanakwambia kula kidogo, tembea taratibu. Wasikilize. Na naomba hili mlichape hata kama mengine mtayakata: mwenye matatizo ya moyo au selimundu (sikoseli) aonane na daktari kabla hajakata tiketi, huku juu oksijeni ni pungufu na mtu wa selimundu anaweza kupata shida kubwa sana, na kwetu Kanda ya Ziwa wenye ugonjwa huo ni wengi.

Jikoni nako utashangaa. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, kwa hiyo unaona kabisa sufuria inatokota, povu linapanda, unaongeza maji, unaongeza tena, jioni unabonyeza harage bado gumu. Bila presha kuka maharage usiyaguse. Wenyeji wao wana ujanja wao wa viazi, wanavitandaza nje usiku vigande, mchana jua linavipiga, wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wanarudia hivyo mpaka vinabaki vidogo, vyepesi, vyeusi, vinaitwa chuño na vinakaa miaka bila kuoza. Hawatumii friji wala dawa, ni baridi na jua tu. Hicho kitu nimekiheshimu sana.

Lakini kilichonifanya niandike ni mji wenyewe. La Paz iko ndani ya bonde, katikati ya mji ni mita kama 3,600, na huku watu wenye hela wanashuka, wanakaa Zona Sur chini kabisa ambako kuna joto kidogo na hewa ya kutosha, wasio nacho wanapanda kwenye miteremko mpaka El Alto juu ya ukingo, upepo mtupu, wengi ni Waaymara, wenyeji wa asili wa huku, waliotoka vijijini. Nilipoona zile nyumba za matofali zimeng'ang'ania mlimani nikaona Igogo, nikaona Mabatini, mitaa yetu ya mlimani kule Mwanza, ndugu zangu kabisa.

Sasa tofauti ni hii. Mwaka 2014 serikali yao ilizindua Teleférico, yale magari yanayoning'inia kwenye waya, na sio ya watalii, ni usafiri wa umma kama daladala. Leo kuna laini 10, kama kilomita 30. Laini Nyekundu inatoka kwenye stesheni ya zamani ya treni mpaka 16 de Julio kule El Alto kwa dakika 10 hivi, unapanda mita kama 400, nauli boliviano 3. Kibini kimoja watu 10, mmetazamana, mama wa Kiaymara na kofia yake ya duara na furushi la rangi mgongoni, mwanafunzi, fundi na ndoo zake. Humohumo ndimo nilipomwona bibi mmoja akamfinya mjukuu wake aliponiona, wanasema kumwona mtu mweusi ni bahati. Iliniuma. Kuna Wabolivia weusi hapahapa nchini, kule mabonde ya Yungas, mababu zao waliletwa kama watumwa enzi za Wahispania, na wao wenyewe wameshapinga sana hiyo tabia. Lazima iishe.

Turudi kwenye usafiri. Mtu wa El Alto anayefanya kazi bondeni zamani alikuwa anakaa kwenye foleni ya minibasi huku konda anapiga kelele za vituo dirishani, na siku barabara zikifungwa kwa maandamano, jambo la kawaida sana huku, alikuwa anashuka kwa miguu. Saa hizi anapita juu ya hiyo foleni. Watu wa mlimani hawakuambiwa wahame ndio wahudumiwe, walifuatwa walipo.

Kwetu mtu wa mlimani anaambiwa kajitakia kujenga kwenye mawe. Ndoo ya maji inapanda kichwani, mjamzito anashushwa usiku kwa kubebwa mpaka gari linapoweza kufika. Tukianza na ngazi imara za zege, taa na bomba la maji linalofika juu, hata bila waya wowote, hiyo tayari ni huduma. Hela za Teleférico zilikuwa nyingi, zaidi ya dola milioni 230 kwa zile laini tatu za kwanza tu, najua hatunazo, ila ngazi hatushindwi.

Mhariri, naomba mtume mwandishi Igogo asubuhi na mapema, apande na akina mama wenye ndoo mpaka nyumba ya mwisho, awaulize wanataka kianze nini, halafu mchape majibu yao kwa majina ya mitaa yao.

Msomaji wenu,
La Paz, Bolivia