Barua kwa Rehema kuhusu ule mkanda wa Sophiatown

Morogoro

Mpendwa Rehema,

Habari za siku? Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana. Juzi kwenye simu uliniuliza ni filamu gani hiyo iliyoninyima usingizi, salio likakatika kabla sijamaliza kueleza. Basi nakuandikia.

Inaitwa Come Back, Africa. Mmarekani mmoja, Lionel Rogosin, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1957 na mkewe, akawaambia makaburu kuwa anataka kupiga picha za muziki wa Waafrika. Wakamkubalia, maana mtu mweusi anayeimba na kucheza hakuwatisha. Kumbe pembeni anakaa na waandishi wa habari wawili vijana, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, wanatunga kisa cha Zachariah, mtu wa shamba aliyekuja Johannesburg kutafuta kazi. Kila mahali anadaiwa kipande na kibali. Baadaye anakamatwa kwa kosa la kulala chumbani kwa mke wake mwenyewe, kwa kuwa chumba kiko kwenye nyumba ya Wazungu. Walioigiza wengi ni watu wa kawaida tu, hawajawahi kusimama mbele ya kamera.

Kuna sehemu nimeirudia mara tatu. Ni kilabu cha pombe cha kujificha, chumba kidogo, wanaume wamebanana na chupa zao. Mwandishi Can Themba yumo, wanabishana hasa. Kisha anaingia binti mmoja, wanamwomba aimbe, anaimba. Mama alikuwa nyuma yangu anapeta mchele. Akaacha kupeta: "Huyo si Miriam Makeba?" Hata kioo hakukitazama, aliijua sauti, ile ile ya Malaika.

Nikamweleza yaliyofuata. Mwaka 1959 filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice, Italia, na Miriam akaenda. Mwaka 1960 mama yake akafariki, akataka kurudi kuzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Alikanyaga tena kwao mwaka 1990. Mama hakusema kitu. Aliweka ungo chini akakaa.

Rehema, watu wanamsifu Rogosin, na anastahili. Lakini yeye alikuwa na pasi ya Marekani na kwao pa kurudi. Sura zilizobaki kwenye mkanda ni za wenyeji, na polisi waliwajua kwa majina. Nkosi alipewa kibali cha kuondoka bila kurudi. Modisane akaishia ughaibuni, Can Themba akafia Swaziland. Filamu yenyewe ikapigwa marufuku nchini mwao. Hao ndio ninaowafikiria usiku.

Halafu kuna mitaa yenyewe. Sophiatown, mtaa wa Waafrika huko Johannesburg, ilikuwa imeanza kubomolewa mwaka 1955, watu wanapakiwa kwenye malori na magodoro yao kupelekwa Meadowlands, Soweto. Katika filamu unaona kuta zimekatika katikati, na watoto wanapuliza filimbi zao barabarani kama kawaida. Makaburu wakajenga mtaa wa Wazungu pale pale wakauita Triomf, maana yake ushindi! Ndiyo maana kila ukuta unaopita kwenye kioo nautazama kwa makini.

Ujanja ule wa kuwadanganya wakubwa haukuishia kwa Rogosin. Miaka thelathini baadaye, wakati makaburu wametangaza hali ya hatari nchini, watengeneza filamu Oliver Schmitz na Thomas Mogotlane waliwapa wakubwa mswada wa filamu ya majambazi, kumbe wanatengeneza Mapantsula, filamu ya kupinga ubaguzi. Mogotlane mwenyewe ndiye Panic, mwizi wa mifukoni aliyewekwa rumande na wanaharakati, akipigwa ili aweke saini ya uongo dhidi yao. Anakataa. Neno lake la mwisho ni hapana, na filamu inakatika hapo.

Jumapili nilipita Mazimbu, nikaingia makaburini walikolala wakimbizi wa Afrika Kusini waliofia huku kwetu. Nilisoma majina taratibu, moja moja, mpaka jua likazama.

Ukija mwezi ujao tutaiangalia wote. Mama ameshasema tusianze bila yeye, anataka kumsikia tena Miriam.

Wako,
Zuhura