Risala ya Akina Mama wa Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Familia katika Kituo cha Wanawake wa Kipashtuni, Birmingham

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Birmingham; Mama Mkuu wa kituo; dada zetu Wapashtuni mliotupokea; wazee wetu, kina baba na watoto: Assalaam alaykum, na habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mama yetu, kwa kuitikia mwito, maana tunajua Jumamosi zako haziishi harusi wala misiba. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili, na dada aliyesimama pembeni yangu ataifasiri kwa Kipashto, kwa sababu inawahusu wenyeji wetu kuliko inavyotuhusu sisi.

Sisi ni akina mama wa Unguja, Lamu, Mombasa, Bukavu na Bujumbura tunaosoma Kiingereza na kushona katika vyumba hivi. Kituo hatukukijenga sisi. Wanawake wa Kipashtuni, kabila la Afghanistan na Pakistan, walikianzisha kwa ajili ya wanawake wenzao na familia zao. Tulikuja tukibisha hodi, tukapewa chai ya kijani yenye iliki, na baadaye tukapewa ufunguo wa mlango.

Mgeni Rasmi, wapo wanaouliza, hata ndani ya jumuiya yetu: kwa nini kituo cha kabila moja? Huu si ukabila? Tunaomba kulijibu swali hilo leo, kwa kuwa tumekaa humu ndani tukaona.

Kuna mabibi ambao waume zao walitoka Pakistan, tangu miaka ya 1960, kuja kufanya kazi viwandani katika mji huu. Wao walifuata baadaye, wakalea watoto na wajukuu nyumbani, na hakuna aliyewahi kuwaita darasani. Na kuna dada waliotoka Afghanistan baada ya Kabul kuanguka tarehe 15 Agosti 2021. Mwezi ule serikali ya Uingereza iliwaondoa kwa ndege watu wapatao 15,000, na familia nyingi zikawekwa hotelini miezi na miezi, mama na wanawe chumba kimoja, bila jiko la kupikia. Mpaka uliowekwa mwaka 1893, enzi za Waingereza kule India, uliwagawa Wapashtuni katika nchi mbili, lakini lugha yao ni moja, ijapokuwa ya Peshawar, Pakistan, na ya Kandahar, Afghanistan, zinatofautiana kama Kimvita na Kiunguja.

Mama wa namna hiyo ukimpeleka moja kwa moja kwenye kituo cha watu wote, atakaa kiti cha nyuma, atanyamaza, na wiki ya pili humwoni. Hapa anakuta mtu wa kumuuliza ameamkaje kwa lugha aliyonyonyeshewa. Sisi tuliwakuta wakiwa wameshapita hatua hiyo, ndiyo maana walikuwa na moyo wa kutupokea.

Tutatoa mfano mmoja. Siku moja aliingia mama ameshika barua ya hospitali, amefuatana na mwanawe wa kiume wa miaka tisa, ambaye ndiye mkalimani wake kila aendako. Barua ilihusu ugonjwa wa kizazi. Mtoto akaanza kusoma, akafika kwenye neno asilolijua, akamtazama mama yake. Mama naye akamtazama. Wote wawili wakanyamaza. Mama Mkuu akamwambia mtoto aende jikoni akachukue biskuti, kisha akamketisha mama na kumsomea barua ile upya, mstari kwa mstari, mpaka akaelewa anaitwa kwa ajili gani na ana haki ya kuuliza nini. Kituo hiki kina sharti lisilopindishwa: mtoto hamfasirii mama yake mambo ya daktari, ya polisi wala ya mahakama. Mwanamke mzima anafuatana naye. Sharti hilo tumelichukua na sisi, hasa kwa dada zetu wa Kongo, ambao mara nyingine huletewa mkalimani wa Kiswahili cha pwani na wasielewane naye sawasawa.

Mgeni Rasmi, kuhusu elimu ya wasichana tunaomba uvumilivu wako, kwa maana ndilo linalotuuma zaidi. Tangu Septemba 2021 wasichana wa Afghanistan wamezuiwa kuendelea na masomo baada ya darasa la sita. Desemba 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Desemba 2024 hata mafunzo ya ukunga na uuguzi yakapigwa marufuku. Darasani mwetu yumo dada ambaye mdogo wake alikuwa akisomea ukunga Jalalabad. Dada huyu anajifunza Kiingereza cha hospitali, na kila neno jipya analirekodi kwenye simu na kumtumia mdogo wake siku hiyohiyo.

Kwa hiyo tunaumia tunapowasikia watu wakisema kwamba huo ndio utamaduni wa Wapashtuni. Malala Yousafzai, mtetezi wa elimu ya wasichana, ni Mpashtuni wa Swat, Pakistan. Aliyesimama naye ili asome ni baba yake, mwalimu Mpashtuni aliyekuwa na shule yake mwenyewe. Malala alipopigwa risasi tarehe 9 Oktoba 2012, aliletwa hapahapa Birmingham, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, akatibiwa na kukulia mjini humu. Na kwetu Afrika Mashariki, Kigali iliwapokea mwaka 2021 wasichana wa SOLA, shule ya bweni iliyokuwa Kabul, ili masomo yao yasikatike.

Si shida tu tunazoshirikiana. Wapashtuni wana ushairi unaoitwa landay, na watunzi wake wengi ni wanawake: mistari miwili tu, wa kwanza mizani 9, wa pili mizani 13, bila jina la mtunzi. Bibi mmoja wa Swat alitughania jioni moja akihesabu kwa pingili za vidole, na mama yetu wa Mombasa akamjibu kwa shairi la mizani 16, naye akihesabu vilevile. Mezani kwa washonaji, mama wa Lamu alipotoa kofia ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, dada wa Kandahar hakuutazama uso wa kofia kwanza. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya mishono, ndipo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao kuna darizi iitwayo khamak, ya uzi wa hariri, ambayo mshonaji huhesabu nyuzi za kitambaa. Fundi alimtambua fundi mwenzake.

Kina baba hawakuachwa nje. Waliitwa jioni yao wenyewe, wakaelezwa sheria. Tangu tarehe 27 Februari 2023, England na Wales, ni kosa kumwozesha aliye chini ya miaka 18, hata wazazi wakiridhia, hata ikiwa ni nikaha ya nyumbani isiyosajiliwa. Wazee waliuliza maswali makali, na walijibiwa na wanawake.

Mgeni Rasmi, sasa hali ni ngumu. Septemba 2023 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza kwamba fedha zake hazitoshi kukidhi matumizi, na huduma nyingi za jamii zimekatwa tangu hapo. Pango halijapungua. Wakati wa baridi tunasoma tumevaa makoti. Mlezi wa watoto analipwa kwa michango ya akina mama wenyewe, na siku asipokuwepo darasa linapwaya, kwa sababu mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa.

Tunakuomba, mama yetu, ukumbi wa jumuiya yetu, ambao siku za kazi umefungwa, ufunguliwe kwa kituo hiki bila malipo. Tunaomba mabinti zetu waliomaliza shule wajitolee zamu katika chumba cha watoto. Tunaomba kituo kiingizwe katika changizo letu la kila mwaka, kama tunavyochangia misiba. Na unapokutana na madiwani, tunaomba uwafikishie jambo hili: kliniki ziwaandalie akina mama wakalimani wanawake, wa Kipashto na wa Kiswahili, na ziulize kwanza ni Kipashto kipi na Kiswahili kipi.

Mama Mkuu na dada zetu, ahsanteni kwa ufunguo. Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, akina mama wa Kiswahili.