Biskuti bila kuumiza vidole: cha kununua na cha kuacha dukani

Mama mmoja wa Kiboriloni, hapa Moshi, alinunua dukani kwetu bomba la biskuti, lile la chuma lenye kifyatulio cha kusukuma donge litoke na umbo. Siku ya tatu akarudi nalo likiwa kwenye mfuko wake uleule. "Mwanangu, bomba ni zuri, ila linataka mkono wa fundi gereji." Tukamrudishia hela yake.

Mama huyu ni mwalimu mstaafu, anaoka biskuti za kuuza pale mtaani. Ana baridi yabisi ya mikono, na gumba la kulia limevimba pale chini linapoungana na kiganja. Sasa bomba lile, kila biskuti lazima ubane mara moja. Trei ya biskuti 30, umebana mara 30. Kosa lilikuwa letu: tulimsifia maumbo ya maua bila kumuuliza anaumia wapi.

Siku hizi mteja akituambia mikono inamsumbua, tunauliza kwanza: inauma ukibana, ukisokota, au ukibeba?

Wengi husema kubana. Hapo adui ni mpini mwembamba, maana kadiri mpini ulivyo mwembamba ndivyo vidole vinavyojikunja na kukaza zaidi. Tunayo miiko na michapo (ya kupigia mayai) yenye mipini minene ya mpira, lakini kabla hujatoa hela, jaribu hii: chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ioshe vizuri kwa sabuni, ikate utepe mrefu, kisha uzungushie kwenye mpini wa mwiko ulio nao mpaka ujae kiganja. Ufunge kwa uzi. Hautelezi ovyo mkononi. (Ndiyo, tunajua tunajiharibia biashara.) Na chini ya bakuli tandika kitambaa kibichi, lisizunguke, mkono wa pili upumzike.

Kuchota donge ndiko kunakochosha kuliko watu wanavyodhani. Vijiko vya kuchotea aiskrimu viko vya aina mbili. Kimoja kina kidude cha kusukuma kwa gumba, hicho kiache. Kingine kina mipini miwili kama koleo, unakibana kwa kiganja kizima. Ukishachota, usiviringishe kwa vidole. Bonyeza kila donge kwa kitako cha glasi uliyoichovya kwenye unga.

Mashine ya umeme ya kupigia keki, ile ya kushika mkononi, inasaidia sana kwenye siagi na sukari. Ila inyanyue hapa dukani kwanza, uishike hewani dakika mbili nzima. Ikikuchosha hapa, nyumbani itakuwa mzigo zaidi, tena inatetemeka. Ile kubwa ya kusimama mezani ni nzuri kwa mwenye meza ya kuiacha hapohapo. Kama ni ya kutoa kabatini kila mara, itakuumiza mgongo pia.

Umeme ukikatika, siagi laini ndiyo inayookoa mkono. Ikate vipande vidogo uiache mezani. Februari hapa Moshi hailazimu kusubiri sana, lakini Julai asubuhi, na hasa huko juu Marangu, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya uvuguvugu. Ilainike tu, isiyeyuke.

Kwa mikono inayouma tunapendekeza donge hili: sukari gramu 100, siagi 200, unga wa ngano 300. Halina yai, halitaki kukandwa. Likusanye, lifanye kama gogo, lifunge kwenye karatasi ya kuokea, liweke kwenye friji. Likishikana, usihangaike na kisu wala vikatio vya bati vinavyokata kiganja. Pitisha uzi imara chini ya gogo, vusha ncha zake juu, vuta. Unapata kipande cha duara, safi kabisa.

Trei chukua ndogo mbili, si kubwa moja, na glavu za kufika karibu na kiwiko ili ubebe kwa mikono yote miwili.

Kama viungo vimevimba na kila asubuhi vinakaza kwa muda mrefu, hilo ni la daktari, mwiko wetu hauliwezi.

Jumamosi asubuhi tunaweka bakuli la donge mezani. Njoo ushike, uchote, ukoroge, ndipo uamue. Yule mama wa Kiboriloni alichukua kijiko cha koleo, na tyubu akaitoa kwenye baiskeli ya mjukuu.