Barua kwa mwanangu: jani la Kiwira

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Ugonile, mama. Huku hatujambo, mvua haikatiki na viazi vimeota vizuri. Mama yako anauliza kama blanketi lilikufikia.

Ulisema kwenye simu kwamba mada ya mabara kuhama ni ya kukariri tu, ushahidi wenyewe ni mtu kutazama ramani na kuona Brazili inaingia kwenye ubavu wa Afrika. Kwa hilo niko upande wako. Maumbo kufanana peke yake si hoja, na hata Wegener, yule Mjerumani wa mambo ya hali ya hewa, hakuishia hapo alipotoa hoja yake mwaka 1912.

Kwenye mzigo huu kuna kipande cha jiwe jeusi. Nilikiokota enzi zangu za mgodini Kiwira, kwenye tabaka lililolalia makaa. Kishike upande laini ukiwa juu, kiinamishe mpaka mwanga ukipige kwa ubavu. Utaona jani lenye umbo la ulimi, mshipa mnene katikati, na vishipa vinavyotoka hapo vikaungana na kufuma wavu hadi ukingoni. Hiyo ni Glossopteris. Miti yake ilitoweka yapata miaka milioni 250 iliyopita.

Sasa jani hilohilo limo kwenye miamba ya India, Australia, Afrika Kusini na Brazili. Limo hata Antaktika. Kapteni Scott, Mwingereza aliyekwenda Ncha ya Kusini, na wenzake walifia kwenye barafu huko Machi 1912, na maiti zao zilikutwa na kilo kama 16 za mawe, mengine yana Glossopteris. Watu hawawezi hata kutembea, bado wanaburuta mawe! Na Antaktika ya leo haioti mti hata mmoja.

Kwa Wegener, hiyo ni dalili kwamba mabara hayo yaliwahi kushikana. Wapinzani wake walidai kulikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyozama baharini. Lakini mwamba wa bara ni mwepesi kuliko ule wa chini ya bahari, hauwezi kuzama hivihivi. Walipombana Wegener ni kwenye swali moja: nguvu gani inasogeza bara zima? Ushahidi alikuwa nao, sababu hakuwa nayo, wakamnyima vyote viwili. Alifia Greenland mwaka 1930.

Mimi ninayemheshimu zaidi ni Alexander du Toit, mwanajiolojia wa Afrika Kusini. Mwaka 1923 alifunga safari hadi Amerika Kusini akalinganisha miamba ya huko na ya kwao, tabaka kwa tabaka: chini mawe yaliyokokotwa na barafu, juu yake makaa, juu kabisa lava. Mpangilio uleule, bahari nzima katikati. Mwalimu wenu akimsahau, wewe mtaje.

Jibu la ile nguvu lilianza kupatikana baharini. Miaka ya 1960 ilibainika kwamba sakafu ya Atlantiki inazaliwa katikati, kwenye safu ya milima iliyo chini ya maji, kisha inasogea pande mbili. Kadiri unavyoiacha safu ndivyo mwamba unavyozidi kuwa mkongwe, na alama za sumaku zilizoganda ndani yake zinalingana kushoto na kulia. Kumbe bara halipasui bahari kwa nguvu zake, limebebwa juu ya bamba, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea.

Na kazi bado inaendelea. Mabonde ya ufa ya Rukwa, Nyasa na Usangu yanakutana hapahapa Mbeya, ndiyo maana tuna mlima Rungwe, ziwa Ngozi na maji moto ya Songwe. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na ule wa magharibi kwa milimita chache kwa mwaka. Bibi yako ameuliza kama shamba litabaki upande wetu. Nimemwambia apande tu.

Jiwe usilioshe, linamomonyoka. Mzigo nimeulipia hukuhuku, kondakta asikudai kitu.

Baba yako