Kwa vijana wa Songea, kabla ya tarehe 27 Februari

Wajukuu zangu,

Nimewaona mkichora mabango. Siku ile tutakusanyika tena pale Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, akiwemo Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano, na mtadai kichwa chake kirudishwe kutoka Ujerumani. Dai lenu ni la haki na nitakuja na mkongojo wangu kusimama nanyi. Ila nina ombi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtoto vita ilipoingia Ungoni. Maisha yake yote alificha mahindi kwenye chungu chini ya kitanda, hata mwaka wa mavuno mengi. Yakitobolewa na wadudu, anayamwaga na kuficha mengine. Tulikuwa tunamcheka. Siku moja, nikiwa na miaka kama 12, akanieleza: Wajerumani walipochoma vihenge, mama yake aliwachukua wanawe porini kuchimba mizizi, na mdogo wake akabaki njiani. Hakuongeza neno. Sikucheka tena.

Wataalamu wanakadiria waliokufa katika vita ile kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Kuchoma mashamba na chakula ilikuwa silaha, ilipangwa. Lakini sikilizeni hotuba zetu: ni kitanzi na mikuki, njaa tunaitaja kwa pumzi moja. Na hata kwenye kitanzi, wangapi kati yenu wanamjua Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume wale?

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa kile. Nililia, sioni haya kusema. Ukoo wa Mbano ulikuwa umezibeba habari za kichwa kile zaidi ya miaka mia, mzee kwa mtoto. Wangenyamaza, rais yule angekuja kuomba radhi kwa nani?

Basi ombi langu ni hili: kabla ya mabango, nendeni kwa bibi zenu. Msianze na vita. Ulizeni mama zao walikuwa wanakula nini, walikuwa wanaficha nini, walikataza nini bila kutoa sababu. Akinyamaza, msiondoke, mmenyeeni karanga, mngojeni. Wengine mtaambiwa kwamba babu yenu alikuwa askari wa Mjerumani. Pokeeni hilo pia, wala msimwaibishe aliyewaambia, maana huenda amelificha miaka sitini akiogopa nyuso zenu. Simu mnazo, rekodini, lakini muombe ruhusa kwanza.

Na mkitajiwa mtoto aliyebaki njiani, ulizeni jina lake mliandike. Mimi la mdogo wake bibi sikuuliza.

Ni mimi babu yenu.